Mfupa, shaba na msasa: vipande vidogo njo vinaamua gita

Wandugu wachimbaji, bamama wa kambi, vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi: wengi wetu tuko na gita mu nyumba, ao tuko na jirani anayeipiga jioni. Ukiuliza mtu gita inatengenezwa na nini, atakujibia: mbao na nyuzi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mbao inatoa sauti. Kinachoamua kama sauti ile itakuwa safi ao itakwaruza, kama mkono utateleza ao utakatika, ni vipande vidogo ambavyo unaweza kuvifunga vyote mu leso moja: vipande viwili vya mfupa, pini 6, vyuma karibu 20 vya shingo, na mashini za kukaza nyuzi.

Sisi wa sendika tumezoea kuandika hapa juu ya mishahara, mikataba na matibabu. Leo tunaandika juu ya gita, na hatujatoka mu kazi. Ndani ya gita muko shaba. Ndani ya atelye ya gita muko vumbi. Na mikono inayoweza kumaliza gita vizuri ni mikono ile ile ya ajistere, ya turnere, ya sudere wa mgodi, watu ambao wengi walirudi nyumbani mbele ya wakati wao. Kati ya 2003 na 2004 peke yake, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Mtu aliyepitisha miaka 20 na tupa mkononi hajasahau kazi yake. Fasi ya kuitumia njo inakosekana.

Sisi hatuko wageni wa gita

Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 ku Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na kidole cha pili. Gumba lilibeba besi, kidole cha pili kiliimba juu yake. Edouard Masengo na Losta Abelo nao walipiga mu hii miji ya shaba. Na watoto wasiokuwa na pesa ya kununua gita walijitengenezea karindula: pipa ya mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti, nyuzi 4. Ku Kinshasa, jina la fundi Socklo linajulikana na wapiga gita juu ya magita anayoyatoa kwa mikono yake mwenyewe.

Upigaji wa vidole viwili haufichi kitu. Mu bendi kubwa ya ngoma na mashini za umeme, uzi mmoja ukilialia vibaya hakuna atakayesikia. Lakini mtu akikaa peke yake ku kiti, gita juu ya goti, kila uzi unasikika. Kama njia ya uzi mu mfupa imechimbwa vibaya, besi itavuma kama nzi mu chupa. Njo maana fundi anayejua kazi anaweza kumaliza sanduku la mbao kwa siku chache, kiisha anapitisha siku zingine nyingi juu ya vitu ambavyo mnunuzi hatavitazama hata mara moja.

Mfupa wa ng'ombe

Tuanze juu. Fasi shingo inakutana na kichwa cha gita, kuko kipande cheupe chenye njia 6 za nyuzi. Kwa Kifaransa ni sillet. Hapa tutasema sile. Kuko sile ya juu, na kuko sile ya chini, ile inayokaa juu ya shevale, ku tumbo la gita. Katikati ya hizi mbili uzi unacheza. Kila mtetemo wa uzi unapita mu sile kufikia mbao. Sile ikiwa mbaya, hata mbao ya bei gani haitasaidia.

Magita ya bei ya chini yanakuja na sile ya plastiki, mara nyingi iko wazi ndani kama kifuniko cha bic. Uzi wa chuma unaikula upesi. Mfupa unashinda plastiki kwa ugumu, na kwetu haukosekani. Unaotafutwa ni mfupa wa mguu wa ng'ombe, fasi uko mnene na mzito, ule ambao mama anautia mu supu. Mwenye kuuza nyama hataomba pesa nyingi.

Kwanza unatoa nyama yote, na uboho wa ndani pia. Kiisha unauchemsha mu maji yenye sabuni kidogo kusudi mafuta yatoke. Mafuta yakibaki, mfupa unageuka manjano, unanuka, na gundi haitashika. Lakini usiuache ku moto siku nzima: mfupa uliopikwa sana unakuwa mwepesi wa kupasuka. Ukishatoka mu maji, unakauka polepole fasi penye hewa, siku nyingi. Mwenye haraka anauweka karibu na mbabula, na kesho yake anakuta ufa.

Mfupa ukishakauka, unaukaza ku eto na unaukata na msumeno wa chuma. Kwa sile ya juu unahitaji kipande cha milimita 43 hivi kwa urefu, kadiri ya upana wa shingo, na milimita 6 hivi kwa unene. Sile ya chini ni ndefu zaidi na nyembamba: unene milimita 3, hivi. Unakata kikubwa kidogo, kiisha tupa inapunguza. Ajistere wote wanajua hii sheria bila kufundishwa: kilichokatwa hakirudi.

Namba kwa namba

Nyuma ya tupa unakuja msasa, ile wengine wanaita papie-emeri. Mgongoni iko na namba. Namba ndogo inakula sana, namba kubwa inakula kidogo. Unaanza na 220, unafuata 320, 400, 600, 800, 1000, na mwenye moyo anafika 2000.

Hapa njo wengi wanaharibu. Wanafikiri kila msasa unangarisha. Hapana. Kila namba iko na kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Msasa wa 320 unafuta alama za 220. Msasa wa 400 unafuta alama za 320. Ukiruka kutoka 220 mpaka 1000, utasugua mpaka jua liingie, na mikwaruzo mikubwa itabaki paka pale, ikingaa. Hakuna njia ya mkato.

Kujua kama umemaliza namba moja, kuko mbinu. Kama na 220 ulisugua kwa urefu, na 320 sugua kwa upana. Alama za urefu zikishapotea zote, pita ku namba nyingine na geuza tena. Kwa kuziona, zima balbu ya nyumba, vaa lampe ya kichwa ile ya kushuka nayo mu mgodi, na ilaze pembeni kusudi mwanga upite juu ya mfupa kwa ubavu. Mwanga wa kutoka juu unaficha. Mwanga wa ubavu unasema ukweli.

Upande wa chini wa sile lazima uwe bapa kabisa. Ukisugua ukishika mfupa mkononi hewani, utapata mgongo wa duara bila kutaka. Bandika msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, weka mfupa juu yake, sogeza mbele na nyuma bila kuukandamiza. Maji kidogo juu ya msasa yanasaidia mara mbili: msasa haujazibwa, na vumbi haliruki. Tutarudia juu ya vumbi.

Mwisho kabisa unachukua kitambaa cha jini ya zamani na dawa ya meno nyeupe, unasugua mpaka mfupa unakuwa kama jino la mtoto. Usitumie ile dawa ya kungarisha shaba, maana weusi wake unaingia mu vitundu vya mfupa na hautoki tena. Ile iweke kando, kazi yake itakuja.

Njia sita

Sasa sile inangaa, lakini haijafanya kazi bado. Inabaki kuchimba njia 6 za nyuzi. Mu seti ya nyuzi nyepesi inayotumika sana, uzi mwembamba uko na milimita 0.30, na mnene kabisa milimita 1.35. Kila njia lazima ilingane na uzi wake. Njia pana inaacha uzi ucheze na kulia. Njia nyembamba inaubana: unakaza mashini, uzi hausogei, unakaza tena, hausogei, kiisha unaruka kwa sauti ya «tik!» na umepita noti uliyokuwa unatafuta. Wapiga gita wengi wanalaumu mashini za kukaza, wananunua zingine, na ile «tik» inabaki. Kosa lilikuwa mu mfupa.

Tupa za kuchimba njia hizi zinauzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo fundi wa hapa hawezi kulipa. Lakini sudere wote wanajua vile visindano vyenye meno vya kusafishia mdomo wa shalimo. Vinakuja mu seti, kimoja kinene kushinda kingine, na vinafanya hii kazi vizuri sana. Hata mafundi wa nchi tajiri wanavitumia. Kwa uzi mnene wa besi, unaweza kuchukua kipande cha uzi wa zamani wenye kusokotwa na kukitumia kama tupa. Unachimba polepole, unaweka uzi, unajaribu, unatoa, unachimba tena.

Njia haichimbwi wima. Inateremka kidogo kuelekea kichwa cha gita, kusudi uzi ushike ku ukingo wa mbele, upande wa vidole. Na uzi mnene hauzami wote: nusu yake inabaki juu, inaonekana.

Kina kinapimwa hivi. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu. Angalia juu ya freti ya kwanza: lazima ubaki mwanya mdogo sana, kama wa karatasi. Ukigonga uzi pale na kidole, unasikia «tik» ndogo. Mwanya ukiwa mkubwa, vidole vya mpigaji vitaumia na noti za karibu na kichwa zitapotoka. Mwanya ukikosa kabisa, umechimba kupita kiasi na uzi utalia.

Sasa ufanye nini? Usitupe mfupa. Vumbi la mfupa lililobaki ku meza, lile safi, jaza ndani ya njia, tia tone moja la gundi ile kali ya kukauka mara moja, ngoja iwe gumu, kiisha chimba upya. Geuza uso wakati wa kutia gundi, moshi wake unachoma macho na pua. Njia ikishakuwa sawa, pitisha ndani ncha ya penseli ya kawaida. Risasi ya penseli inafanya kazi ya grisi: uzi unateleza na gita inakaa mu sauti yake.

Sile ya chini na pini

Sile ya chini iko na mtihani wake. Uiingize mu mfereji wa shevale bila kuipiga nyundo. Kiisha geuza gita chini juu bila nyuzi. Ikianguka yenyewe, iko nyembamba mno, na sehemu ya sauti itapotea mu ule uwazi. Ikihitaji koleo kutoka, iko nene mno, na siku moja itapasua shevale. Lazima ikae yenyewe na itoke kwa vidole.

Kama gita iko na urefu wa uzi wa milimita 650, kutoka sile ya juu mpaka freti ya 12 lazima upate 325. Lakini sile ya chini inakaa nyuma kidogo ya ile 650, milimita chache tu, na upande wa besi nyuma zaidi, juu ya kubonyeza uzi ni kuuvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Njo maana ile sile mu magita mengi inalala pembeni. Haikuwekwa vibaya.

Pini 6 zinazofunga nyuzi ku shevale zinatengenezwa kwa mfupa ao kwa mti mgumu. Umbo lake ni la kabari ya duara, nene juu, nyembamba chini. Turnere atazipenda: unafunga pini ku mashini ya kutoboa, inazunguka polepole, na unaishikia utepe wa msasa. Nzuri inaingia kwa kusukuma na gumba na inatoka bila koleo. Ikiwa na mikwaruzo, inashika ndani ya tundu, mtu anaivuta kwa nguvu, kichwa kinakatika, na mbao ya shevale inaondoka nayo.

Freti: shaba yetu inarudi

Tufike ku vyuma vya shingo, freti. Watu wengi wanaamini kama ni fedha, juu ya rangi yake nyeupe. Hakuna fedha hata gramu moja. Kwa Kifaransa inaitwa maillechort: zaidi ya nusu ni shaba, inayobaki ni zinki na nikeli, mara nyingi nikeli asilimia 18. Ukitazama nyuzi, ni mambo yale yale. Uzi mnene uko na moyo wa chuma, na juu yake umesokotwa uzi wa rangi ya dhahabu. Kuna aina ambayo ile rangi ni shaba asilimia 80 na zinki 20. Kuna nyingine ambayo ni shaba asilimia 92 hivi, bati asilimia 8, na fosfori kidogo sana. Gurudumu dogo ndani ya mashini za kukaza, nalo mara nyingi ni shaba na zinki.

Hatuwezi kusema kama freti hii ao ile imetoka Kolwezi. Shaba ikishayeyushwa haiko na kadi ya kuzaliwa. Lakini tunajua vile inaondoka hapa: mu katode, juu ya lori ndefu, kuelekea mpaka. Na tunajua vile inarudi: waya mdogo ndani ya mfuko wa plastiki, kwa bei ya gramu. Katikati ya kuondoka na kurudi, mtu fulani aliivuta, aliikata, aliingarisha, na alilipwa kwa kazi ile. Kumaliza kitu njo kunaongeza bei yake. Tunaposema kila mwaka kama kazi ya shaba isiishie ku katode, si maneno ya siasa peke yake. Yanaonekana mu mfuko mdogo wa freti.

Fundi anapomaliza freti, anaanza kwa kuzipaka wino wa kalamu nene juu. Anapitisha tupa ndefu bapa juu ya zote pamoja. Fasi wino umetoka, freti iko juu; fasi wino umebaki, iko chini. Anaendelea mpaka wino umetoka kidogo juu ya kila moja. Sasa zote ziko sawa kwa urefu, lakini mgongo wake umekuwa bapa, na uzi unataka mgongo wa duara. Anazirudishia duara moja moja, na tupa yenye mfereji. Mbao ya shingo inafunikwa na utepe wa karatasi kusudi isikwaruzwe. Kiisha msasa tena: 400, 600, 800, 1000, 2000. Hapa sasa ile dawa ya kungarisha shaba inapata kazi yake.

Ncha za freti, pembeni mwa shingo, zinataka uvumilivu kushinda zote. Kila freti iko na ncha mbili, na freti 20 zinafanya ncha 40. Kila ncha inalazwa na tupa, kiisha pembe zake ndogo zinavunjwa mpaka haziumi. Mtihani ni kufumba macho na kupitisha kiganja kutoka kichwa mpaka tumboni mwa gita, pande zote mbili. Mkono ukisimama mahali, kazi haijaisha.

Na kwetu kuko kiangazi. Kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua haianguki, mbao inakauka na kujikunja kidogo, lakini chuma hakijikunji. Ncha za freti zinatokeza nje. Gita iliyokuwa laini mwezi wa 2 inakuna mkono mwezi wa 8. Fundi mzuri wa Katanga anaacha mbao yake ikauke vizuri mbele ya kupiga freti, na anamwambia mnunuzi amrudishie gita kiangazi cha kwanza kwa kupitisha tupa tena.

Vumbi halichagui mlango

Sasa tuseme lile ambalo mafundi hawapendi kusikia. Kazi yote tuliyoeleza ni kazi ya vumbi. Mu mgodi tulifundishwa kuogopa vumbi la jiwe, lile la silika, linalofanya ugonjwa wa mapafu ambao hauna dawa ya kuuponyesha. Watu wanapotoka mu mgodi wanafikiri wameacha vumbi nyuma. Lakini vumbi la mbao nalo limeandikwa na wataalamu wa kimataifa wa kansa mu kundi moja na lile la silika: kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna tena mashaka juu yake. Mbao ngumu kama wenge inawasha ngozi na pua ya wengi, na kibanzi chake kikiingia mu kidole kinaleta usaha. Vumbi la mfupa ni jepesi sana, linabaki hewani wakati wewe umeshasahau kama ulisugua.

Vumbi linaloumiza kushinda yote ni lile halionekani. Lile unaloliona ku nywele na ku nyusi limebaki nje. Lile dogo kabisa njo linashuka mpaka chini ya mapafu. Kwa hiyo leso juu ya mdomo haisaidii: inashika kubwa na kupitisha dogo.

Dawa tunaijua tayari. Mu mgodi, mashini ya kutoboa jiwe inapewa maji. Mu atelye, msasa unapewa maji, kwa mfupa na kwa chuma. Mbao yenyewe haipendi maji, inavimba; kwa mbao utafanya kazi inje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na maski ya kweli yenye alama FFP2 ao kushinda. Jioni usifagie na ufagio mkavu. Nyunyizia maji kwanza, ao pangusa na kitambaa chenye maji.

Na nguo ya kazi isiingie ku chumba cha kulala. Mama anayekungutia kombinezoni ya mume wake mbele ya kuifua anavuta vumbi la siku nzima kwa dakika moja, na mtoto mgongoni anavuta pamoja naye. Hii tuliisema juu ya nguo za mgodi, tunairudilia juu ya nguo za atelye. Loweka nguo mu maji kwanza, kiisha fua.

Mwenye mashini ya kungarisha inayozunguka na gurudumu la kitambaa aongeze mambo mengine. Asivae ganti, asivae mikono mirefu inayoning'inia, avae miwani. Kipande kidogo akigusishe ku sehemu ya chini ya gurudumu, ile inayozunguka kuondoka kwake. Pini ya mfupa ikishikwa na ukingo wa juu inatupwa kama risasi.

Nani anasugua, nani analipwa

Linabaki neno la sendika. Mu maatelye mengi, kazi ya msasa inapewa kijana wa mwisho kuingia. Fundi mkubwa anakata mbao na kupiga bei na mnunuzi. Kijana anakaa ku kona na kusugua, siku nzima, bila maski, na jioni anapewa chakula. Anaambiwa: unajifunza. Ni kweli anajifunza. Lakini gita inapouzwa, mnunuzi anapitisha mkono ku shingo, anasikia ulaini, na ulaini ule njo unamfanya atoe pesa. Ulaini ule ni kazi ya kijana.

Chanzo cha uonevu huu ni hesabu. Fundi anahesabu mbao, gundi, nyuzi na mashini za kukaza, anaongeza kidogo, na anasema bei. Saa za kumaliza hazimo mu hesabu yake, juu ya haziachi kitu cha kuonyesha zaidi ya vumbi. Basi, wandugu mafundi, fanyeni kama vile tulivyofanya ku mgodi kwa saa za ziada: andikeni. Daftari moja, mistari miwili kila siku: nani alisugua nini, kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Nyuma ya magita matatu mutajua kumaliza kunakula saa ngapi, na mutakuwa na kitu cha kumwonyesha mnunuzi anayeuliza juu ya nini gita yenu inashinda bei ya ile ya kiwanda.

Kwa vijana tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili: maski ya kweli mbele ya msasa wa kwanza, ndoo ya maji karibu na meza, na sehemu ya bei ya gita inayojulikana mbele ya kazi kuanza. Kwa wazee waliotoka mu kampuni tunaomba jambo moja. Eto iliyolala ku gala na tupa zilizofungwa mu gunia la mafuta, zitoeni, muzisugue kutu, mumwite mtoto wa jirani. Mu juma la kwanza asiguse gita. Mpeni kipande cha mfupa wa supu, kioo cha dirisha na msasa wa 220, na mumwambie asipite ku 320 mpaka mwanga wa ubavu umruhusu.